Mtu Wetu Washington Hajawahi Kuwa Wetu

Kila Rais wa Kenya anapotangaza orodha mpya ya mabalozi, sisi wa Kisumu huisoma kwa namna moja tu: tunatafuta majina. Jina la kwetu likionekana kando ya Washington, simu zinapigwa, wazee wanaitisha mkutano wa shukrani, na waheshimiwa wanasimama matangani kutuambia kwamba sasa tumekumbukwa. Lisipoonekana, kilio ni kile kile cha kutengwa. Nimeusikia mjadala huo redioni na katika makundi yanayopiga siasa kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta, na sijamsikia mtu akiuliza huyo balozi anakwenda kufanya nini.

Hesabu hiyo ya majina imetupotosha. Ukanda wa ziwa na Magharibi haukunyimwa ubalozi wa Marekani. Uliupata tangu siku ya kwanza, kisha ukaupata tena na tena. Lakini pitia miaka 60 iliyopita, utafute mahali ambapo asili ya balozi ilibadilisha maisha ya mtu wa Kondele au wa Mumias. Sijapaona. Kilicholeta tofauti ni yule aliyemtuma, ujumbe aliombebesha, na kama serikali yenyewe ilijua inataka nini kutoka kwa Wamarekani.

Balozi wa kwanza alikuwa Burudi Nabwera, mwana wa Lugari. Kenya ilijiunga na Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1963, siku 4 tu baada ya uhuru, na mwaka uliofuata Nabwera akabebeshwa kazi mbili kwa mpigo: Balozi kule Washington na Mwakilishi wa Kudumu kule New York. Nchi ilikuwa changa, wasomi wachache, na hazina haikuwa na fedha za kuweka mtu kila mahali.

Marekani aliyoikuta ilikuwa bado haijamaliza ugomvi wake juu ya rangi ya ngozi. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Malick Sow, alikuwa amekataliwa huduma katika mgahawa mmoja kando ya Route 40 huko Maryland, akiwa safarini kati ya New York na Washington. Hakuomba upendeleo, aliomba kahawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya wanadiplomasia wa Afrika waliohudumu katika miji yote miwili, na visa vya aina hiyo vilikuwa vingi kiasi cha kuitia aibu ikulu ya Marekani. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini Julai 1964. Kwa hiyo Nabwera alifika wakati ule ule ambapo sheria ilikuwa ndiyo kwanza inaamua kwamba mtu wa rangi yake ana haki ya kuketi mezani popote pale. Tunapowataja mabalozi wetu wa kwanza tuwatajie na hilo. Walibeba heshima ya taifa katika nchi iliyokuwa haijakubali kuwaheshimu hata raia wake weusi.

Na hakupewa nafasi ya kupumua. Mwaka huo huo wa 1964 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimkabidhi Mzee Jomo Kenyatta uenyekiti wa tume ya kutafuta amani Kongo. Septemba, ujumbe ulioongozwa na Joseph Murumbi ulikwenda Washington kuiomba serikali ya Lyndon Johnson iache kumsaidia kijeshi Moise Tshombe, Waziri Mkuu wa Kongo, na haukupokelewa kwa mikono miwili. Tarehe 24 Novemba ndege za Marekani zikawashusha askari wa miavuli wa Ubelgiji Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani, huku mazungumzo ya kuwaokoa mateka yakiwa bado yanafanyika Nairobi. Kenyatta alikasirika sana. Balozi aliyekuwa Marekani ndiye aliyebaki na kazi ya kueleza hasira hiyo kwa watu waliokuwa wameamua tayari.

Huku nyumbani mambo yalikuwa yamepasuka pande mbili. Jaramogi Oginga Odinga, aliyefanywa Makamu wa Rais Desemba 1964, alikuwa amekwenda Moscow na kurudi na ahadi za misaada, ikiwemo hospitali ya Kisumu ambayo wazee wetu wanaiita Russia mpaka leo. Balozi wa kwanza wa Marekani hapa Kenya, William Attwood, aliitazama siasa ya Jaramogi kwa jicho la vita baridi, na baadaye akaandika kitabu kuhusu mashindano yale ambacho serikali ya Kenya ilikipiga marufuku. Kwa macho ya wakubwa wa Washington, Kisumu ilikuwa mlango ambao Warusi wangeweza kuingilia. Hospitali hiyo hiyo ndiyo iliyofunguliwa na Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo risasi zilifyatuliwa kwa umati na watu wetu wakafa.

Sasa niulize: katika hali hiyo, mwana wa Lugari aliyeketi Washington angelifanyia nini eneo lake? Alitumwa na serikali iliyokuwa na ndimi mbili, na ulimi ulioshinda haukuwa wa ziwani. Waswahili husema mjumbe hauawi. Hauawi kwa sababu maneno si yake. Hilo ndilo tunalolisahau tunapofanya sherehe.

Nabwera aliporudi aliingia siasa moja kwa moja. Alikuwa mbunge, msaidizi wa waziri, Katibu Mkuu wa chama tawala cha KANU kati ya 1985 na 1988, kisha waziri. Wengi wanamkumbuka kwa miaka hiyo ya chama kimoja, na si kwa ile ya Washington. Mtindo ukawa umewekwa: ubalozi ni kituo katika safari ya mwanasiasa, mahali pa kumlipa aliyetumika au kumweka mbali anayesumbua.

Kabla sijaendelea na orodha, niseme jambo moja ambalo lingepaswa kutufundisha mapema. Uhusiano wetu na Marekani haukuanzia kwenye ubalozi. Wamisionari wa Kikweka kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, miaka 62 kabla ya Nabwera kukabidhi hati zake za utambulisho. Walifungua shule na hospitali, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani, sehemu kubwa wakiwa Vihiga, Kakamega na Bungoma. Halafu akaja Tom Mboya, kijana wa kisiwa cha Rusinga, ambaye Septemba 1959 alipeleka Marekani ndege yenye wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kusafirisha wengine. Hadi uhuru unafika, mamia walikuwa wamekwenda, na kati ya wale wa mwaka 1960 alikuwemo Wangari Maathai.

Mboya hakuwa balozi. Hakukuwa na ubalozi. Koloni halikuwa na haki ya kuwa nao, na maofisa wa Kiingereza hawakufurahishwa na safari zile. Alichokuwa nacho ni lengo: nchi inakaribia kujitawala, na haina watu waliosoma vya kutosha kuiendesha. Alijua anataka nini, alijua nani anacho, akazunguka vyuo na vyama vya wafanyakazi na makanisa akiomba nafasi za masomo. Nikipima kwa matokeo, sioni balozi yeyote wa Kenya pale Washington, kwa miaka yote 60, aliyewafikia watu wa kawaida kama alivyowafikia Mboya bila cheo hata kimoja cha kidiplomasia.

Enzi ya Moi iliendeleza mtindo. Katikati ya miaka ya 1980 balozi alikuwa Wafula Wabuge, mwanasiasa mkongwe wa Trans-Nzoia. Baadaye akaja Denis Afande, na yeye ndiye aliyeangukiwa na kipindi kigumu kuliko vyote. Vita baridi vilikwisha, Washington ikaacha kuihitaji KANU kama zamani, na balozi wao hapa, Smith Hempstone, akaanza mwaka 1990 kusema hadharani kwamba misaada itafuata demokrasia. Julai mwaka huo wakili Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani jijini Nairobi kuokoa maisha yake. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris wakafunga mfereji wa fedha, na mwezi uliofuata Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Balozi wetu alikuwa na kazi ya kuitetea serikali iliyokuwa ikiwafunga watu bila kesi. Hakuna ufasaha wa kidiplomasia unaoweza kuiuza bidhaa hiyo.

Kisumu haiwezi kuzungumzia Washington ya mwaka 1990 bila kumtaja Dkt. Robert Ouko. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na mbunge wa Kisumu Mjini. Mwishoni mwa Januari alisafiri na Rais Moi pamoja na ujumbe mkubwa kwenda Washington. Alirudi mapema Februari, akatoweka nyumbani kwake Koru, na tarehe 16 Februari mwili wake ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila, umechomwa. Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard alipoanza kazi, yaliyotokea katika safari ile ya Marekani yalikuwa miongoni mwa mambo makuu aliyoyachunguza. Tume ya Jaji Evans Gicheru ilivunjwa Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi.

Ninalileta jambo hili kwa sababu linaonyesha kikomo cha wazo la “mtu wetu”. Ouko hakuwa balozi tu, alikuwa mkuu wa mabalozi wote. Alikuwa msomi, mwenye maneno matamu, aliyeheshimika katika miji mikuu ya nje. Alikuwa wetu kwa kila maana. Na kukaa kwake juu kabisa ya wizara hiyo hakukutukinga sisi wala yeye. Uchungu huo haujatutoka, wala haupaswi kutufanya tuamini kwamba dawa yake ni kupewa kiti kingine.

Mwaka 1994 alitumwa mtu wa aina nyingine: Benjamin Kipkorir, mwanahistoria kutoka milima ya Cherang'any, aliyekuwa amewahi kuongoza Benki ya Biashara ya Kenya. Huyo alikwenda na elimu na uzoefu wa fedha, na aliandika kumbukumbu zake baada ya kustaafu. Natamani wengine wangefanya hivyo. Taifa lisiloandika mabalozi wake walijifunza nini humlazimu kila mpya kuanza upya na Wamarekani wale wale wenye mafaili kamili.

Nikae kidogo na Peter Oginga Ogego, kwa sababu kisa chake kinaeleza yote. Alikuwa Washington kuanzia 2006, mtoto wa Nyanza, ameteuliwa na Mwai Kibaki. Agosti mwaka huo Barack Obama, wakati huo seneta wa Illinois, alitembelea Kenya. Hapa Kisumu tulimpokea kama mwana aliyerudi. Yeye na mkewe walipima virusi vya Ukimwi mbele ya umati ili kuwatia watu moyo, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tunazika bila kutaja ugonjwa. Kisha akahutubia Chuo Kikuu cha Nairobi na kukemea ufisadi na ukabila. Serikali ilichukia. Na nani aliyemwandikia Obama barua ya kumlaumu kwa niaba ya serikali? Balozi Ogego.

Wako waliomwona msaliti. Mimi sikumwona hivyo, na bado simwoni hivyo. Alifanya kazi aliyotumwa. Mwajiri wake alikuwa Ikulu ya Nairobi, si Kogelo, kijiji cha baba yake Obama, na barua ile ingeandikwa vile vile kama balozi angetoka Nyeri au Kwale. Kosa letu ni kutarajia kwamba damu ingeshinda mkataba wa kazi.

Miaka miwili baadaye seneta yule akachaguliwa Rais wa Marekani. Kibaki alitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu ya kitaifa. Siku zile zile watangazaji wa redio moja ya Detroit walimpigia Ogego simu hewani, wakamuuliza kama mahali alipozaliwa Obama patawekewa alama. Akajibu kwa furaha kwamba pameshakuwa kivutio. Ubalozi ulieleza baadaye kwamba alikuwa akimzungumzia baba yake Obama, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Wapinzani wa Obama waliyatumia kwa miaka kueneza uongo kwamba kiongozi wao alizaliwa Kenya. Jibu moja fupi la simu ya mchana lilifika mbali kuliko hotuba zote alizotoa. Kazi hii inataka ulimi uliofunzwa, na mafunzo hayo hayapatikani katika kampeni za kisiasa za hapa nyumbani.

Wakati wa serikali ya nusu mkate, ile ya kugawana madaraka kati ya Kibaki na Raila Odinga, mwaka 2010, Elkanah Odembo alihamishwa kutoka Paris hadi Washington. Tulikuwa na Rais wa Marekani mwenye ukoo Kogelo, Waziri Mkuu kutoka Bondo, na balozi kutoka huku huku. Kama nadharia ya majina ingekuwa kweli, hiyo ndiyo miaka ambayo ziwa lingejaa viwanda. Kila anayeishi hapa anajua jibu. Serikali ya Jubilee ilipoingia 2013 viti vilibadilishwa, na mwaka uliofuata Robinson Githae, aliyekuwa Waziri wa Fedha, akapewa Washington.

Mfano unaonipa matumaini ni wa New York. Juni 2020 Kenya iligombea kiti katika Baraza la Usalama dhidi ya Djibouti, Mwakilishi wetu wa Kudumu akiwa Lazarus Amayo, ambaye kabla ya hapo alikuwa London na baadaye akahamishiwa Washington. Raundi ya kwanza tulipata kura 113, hazikutosha. Ya pili tukapata 129 dhidi ya 62. Ushindi ule haukutokana na kabila la mtu. Kampeni ilianza mapema, Umoja wa Afrika ukatuidhinisha Agosti 2019, na serikali kuanzia juu hadi chini ilijua inatafuta nini. Mpe balozi yeyote mwenye akili timamu mazingira hayo, ataleta kitu nyumbani.

Linganisha na Januari 2025. Amri ya kusimamisha misaada ya nje ilipotolewa Washington, haikuchukua hata wiki kufika Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, kaunti zenye mzigo mkubwa wa virusi vya Ukimwi. Kliniki zilizotegemea PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa mwaka 2003, zikafunga milango au kupunguza siku. Vijana waliokuwa wakifuatilia wagonjwa vijijini wakaambiwa wasirudi kazini. Akina mama waliuliza kama dawa za mwezi ujao zitakuwepo. Hapa tuna kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI pale Kisian; KEMRI inashirikiana na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tangu 1979. Hapa ndipo chanjo ya malaria ilifanyiwa majaribio kabla ya kuzinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Hakuna eneo la Kenya lililofungamana na bajeti ya Washington kama hili letu, na dalili za uamuzi ule zilikuwa kwenye kampeni za Marekani tangu 2024.

Je, kulikuwa na taarifa yoyote kutoka ubalozini iliyowafikia magavana wa ukanda huu, ikisema jiandaeni? Hatukuisikia. Na mkataba mpya wa afya wa miaka 5 ulipotiwa saini Washington Desemba 2025, waliotia saini ni Musalia Mudavadi, Waziri wetu mwenye dhamana ya mambo ya nje na mwana wa Vihiga, pamoja na Marco Rubio, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kipengele cha kupeleka data za wagonjwa nje. Wenye data hizo ni watu wa huku zaidi, na hakuna aliyewauliza.

Kuna fedha pia. Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na takriban nusu ilitoka Marekani. Ni karo, ni matibabu, ni mabati. Wanaozituma wanataka pasipoti zao zitolewe kwa wakati, na miili ya wapendwa wao irudishwe bila michango ya aibu. Hayo ndiyo mambo ya balozi.

Katiba ya 2010, Ibara ya 132, inasema Rais huteua mabalozi kwa idhini ya Bunge la Taifa. Silaha tunayo basi, ila haitumiki. Wateule wanaposailiwa, kamati huuliza utajiri wao ni shilingi ngapi, huwapongeza, huwatania kidogo, kisha huwapitisha. Wabunge wa ukanda huu walio katika kamati hiyo wanaweza kuuliza mambo mengine: misaada ikikatwa tena utamjulisha nani Kisumu, na kwa muda gani? Data za wagonjwa wa Nyanza utazisimamiaje? Mwanafunzi wa Busia akinyimwa viza atakusikia wapi?

Na kikao hicho si lazima kifanyike Nairobi. Kamati za Bunge huja huku kusikiliza maoni kuhusu miswada. Zije na mteule wa Washington, awe ametoka Mandera au Lamu, aketi na wahudumu wa kliniki zilizofungwa na watafiti wa Kisian, aulizwe maswali kwa Kiswahili, na majibu yake yaandikwe kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge kabla hajakata tiketi ya ndege.